Hata kizuri kilitembezwa: historia ya M-Pesa kwa vijana wenye miradi



Wazee walituachia methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri kwa mahindi na kwa kitambaa. Lakini naona imewaharibu vijana wengi wenye kutengeneza programu huku kwetu. Kijana anafunga chumba miezi sita, anaandika aplikasio yake, usiku na mchana, umeme unakatika na kurudi, kiisha anaiweka kwenye intaneti na kungoja. Anangoja ijiuze. Haijiuzi. Basi anasema watu wa hapa hawajaendelea, hawapendi vitu vipya.

Wengine tuna ugonjwa tofauti. Siye tulisoma kwa kutetea. Tangu kazi ya mwisho ya graduat mpaka ile ya licence, tulisimama mbele ya juri, tumevaa koti, dakika kumi na tano za kueleza, kiisha maswali, kiisha distinction na picha pamoja na familia. Njo maana tukisikia kuna mashindano ya miradi, tunafanya vilevile: koti, picha za ukutani, maneno makubwa, na macho kwa juri. Nimehudhuria mashindano ya namna hiyo mara nyingi, na nimeona vijana wenye akili kweli kweli wakipata zawadi. Mwaka unaofuata unawauliza: programu iko wapi? Wanakujibu kwamba wanaandaa mashindano mengine.

Leo nataka tuache maneno ya kutia moyo, tuangalie historia. Nimechagua M-Pesa, ju ya sababu moja: wengi wenu mnaosoma hapa mmepokea franga kwa njia hiyo mwezi huu, labda hata wiki hii. Ni programu ya kompyuta, ingawa hatuiiti hivyo. Na iliuzwa na watu, kwa watu, hatua kwa hatua. Tuone ni nani aliiuza, kwa nani, na nini kilibadilika njiani. Lakini kwanza tupite Kinshasa, kwa sababu bila simu mkononi hakuna franga kwenye simu.

1. Kinshasa, mwaka wa 1986

Wengi wanafikiri kwamba simu za mkononi zilifika Kongo tukiwa tumechelewa kuliko wengine wote. Hapana. Telecel ilianzishwa Kinshasa mwaka wa 1986, wakati wa Zaire, na ulikuwa mmoja wa mitandao ya kwanza kabisa ya simu za mkononi barani Afrika. Waliouanzisha ni Miko Rwayitare, mhandisi mzaliwa wa Rwanda, pamoja na Mmarekani mmoja, Joseph Gatt.

Fikirini hali ya wakati ule. Simu za waya za Leta zilikuwa zimechoka. Mfanyabiashara mwenye mali ya kutosha alikuwa anatuma shofa na barua ili avuke mji mmoja tu. Franga ilikuwepo kwa watu fulani, shida ilikuwepo, na aliyepaswa kuitatua alikuwa ameshindwa. Rwayitare aliona pale pengo.

Wateja wake wa kwanza hawakuwa mama wa soko. Walikuwa wakubwa wa serikali na wafanyabiashara wakubwa, kwa sababu chombo chenyewe kilikuwa kizito na bei yake ilihesabiwa kwa maelfu ya dola. Katika mji ule, kutembea na Telecel mkononi kulikuwa cheo. Biashara hiyo ilisambaa katika inchi nyingine za Afrika, na mwaka wa 2000 kampuni ya Misri, Orascom, ilinunua sehemu kubwa ya Telecel International kwa mamia ya mamilioni ya dola. Kampuni iliyozaliwa Kinshasa, wapendwa, katika inchi ambayo wakati ule watu walisema hakuna kinachotembea.

Ninachopenda katika hadithi hii ni kwamba Rwayitare alijua nani ana shida na nani anaweza kulipa, na kwake walikuwa watu walewale. Hakusema "soko langu ni Wazaire wote". Lakini kuna upande wa pili: kwa miaka zaidi ya kumi simu ilibaki ya wakubwa. Ilifika kwa mtu wa chini pale tu vyombo vya bei nafuu vilipokuja, pamoja na kadi ya kukwaruza, ile ya kulipa kwanza na kuzungumza baadaye. Kwetu hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vodacom, kwa mfano, ilianza kazi Kongo mwaka wa 2002.

Ile kadi ndogo ya kukwaruza, hakuna aliyeitarajia, njo ilizaa M-Pesa.

2. Unite ikageuka franga

Angalieni kadi ile ni kitu gani. Ni namba zilizoandikwa kwenye karatasi. Mwenye namba ndiye mwenye thamani. Na namba inaweza kusomwa kwa sauti kupitia simu.

Watu wa kawaida walielewa jambo hili mbele ya wahandisi. Mtu aliye Kampala anataka kusaidia mama yake kijijini. Ananunua kadi, anapigia simu mwenye duka wa pale kijijini, anamsomea namba. Mwenye duka anaingiza unite kwenye simu yake ili auzie watu mazungumzo, kiisha anampa mama franga taslimu, akikata kidogo kama malipo ya kazi yake. Hakuna benki, hakuna safari, hakuna bahasha mikononi mwa shofa. Watafiti waliotembea Uganda, Botswana na Ghana mwaka wa 2002 waliwakuta watu tayari wanatumia unite kama njia ya kutumiana franga.

Hapa nataka tusimame kidogo. Vijana wengi wanaogopa kusema wazo lao ju ya kuibiwa. Wanataka kila mtu asaini karatasi mbele ya kusikia. Lakini wazo la kutuma franga kwa simu halikuwa ndani ya sanduku la mtu yeyote. Lilikuwa barabarani, wazi, mbele ya macho ya kila mtu, na mwenye duka wa kijijini alikuwa anaishi kutokana nalo. Mamilioni waliliona. Wachache sana walikubali kufanya kazi ngumu iliyobaki: kutengeneza njia ambayo haihitaji kumwamini mwenye duka mmoja, inayoandika hesabu vizuri, na inayoweza kubeba watu milioni bila kuanguka.

3. Namna wazo lilivyotafuta franga yake

Mwaka wa 2003, Nick Hughes alikuwa anafanya kazi Uingereza katika kampuni ya Vodafone, ambayo ilikuwa na hisa katika Safaricom ya Kenya. Alitaka kutumia simu kuwapatia watu wasio na benki huduma za kifedha. Shida yake itawashangaza. Alikuwa ndani ya kampuni moja tajiri kuliko nyingi duniani, na hakuwa na franga ya kufanyia jaribio. Ndani ya kampuni kubwa kila mradi unashindana na mingine, na unaoshinda ni ule unaoahidi faida kubwa na ya haraka. Mradi wa Afrika Mashariki, kwa watu wenye kipato kidogo, ungeshindwa kwenye meza ya kwanza.

Basi alitafuta mlango wa pembeni. Wizara ya Uingereza ya maendeleo ya kimataifa ilikuwa na mfuko wa kuchangia miradi ya kifedha pamoja na makampuni. Sharti lilikuwa kwamba kampuni nayo iweke sehemu yake. Hughes aliandika ombi, akapata karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaweka kiasi kinacholingana, sehemu kubwa ikiwa ni kazi ya watu wake.

Na ombi lilisema nini? Hapa njo penye utamu. Halikusema "tutawasaidia watu kutuma franga kijijini". Lilihusu mikopo midogo. Wakopaji wa taasisi za mikopo wangepokea mkopo kwenye simu na kurudisha kwa simu, kwa gharama ndogo. Hilo lilikuwa wazo la kuvutia kwa wafadhili wa wakati ule: mikopo midogo ilikuwa ndiyo lugha ya siku zile, hata Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka wa 2005 kuwa mwaka wa kimataifa wa mikopo midogo.

Sisemi Hughes alidanganya. Wazo lake lilikuwa la kweli na alikuwa na sababu zake. Ninachosema ni kwamba juri ililipia mradi mmoja, na wateja wakaenda kununua mwingine.

4. Thika, Mathare na katikati ya Nairobi

Mwaka wa 2005 Vodafone ilimtuma Susie Lonie Nairobi kusimamia jaribio. Programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge. Washirika walikuwa Safaricom wenyewe, taasisi ya mikopo Faulu Kenya, na benki ya Commercial Bank of Africa iliyotunza franga halisi. Jaribio lilianza mwezi wa Oktoba 2005, katika maduka manane ya mawakala na wateja wasiofikia 500, katika Nairobi ya kati, Mathare na Thika.

Wateja wasiofikia 500. Kampuni ya dunia nzima, na pauni karibu milioni moja, ilianza na watu wanaoweza kuingia katika kanisa moja. Wakati mwingine nikisikia kijana wa mwaka wa pili anasema "tutaanza na watumiaji laki moja", nakumbuka maduka yale manane.

Uamuzi mmoja wa ufundi ulikuwa na maana kubwa. Huduma iliwekwa ndani ya kadi ya simu yenyewe, ile tunayoita SIM. Simu yoyote, hata ile ndogo ya tochi, iliweza kuitumia, na menyu yake ilikuwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Hawakuomba mtu anunue simu mpya ili aingie katika mradi wao. Walitumia kile ambacho watu walikuwa nacho mfukoni.

Kiisha matatizo yakaanza, na ni matatizo ya faida. Wateja walihitaji mafunzo mengi kuliko ilivyotarajiwa. Wengine hawakuwa na mazoea ya kusoma ujumbe kwenye simu, wengine walisahau namba ya siri. Faulu nao walitaabika. Hesabu zao zilikuwa za karatasi, na kulinganisha karatasi na kile kompyuta inaonyesha kilikuwa kichwa kuuma. Tena mikopo yao ilisimama juu ya mkutano wa kikundi: watu wanakutana kila wiki, wanaonana, asiyelipa anaona aibu, wenzake wanamsukuma. Mtu akilipa kwa simu akiwa nyumbani, kwa nini aje mkutanoni? Na kikundi kisipokutana, nani atamsukuma? Kifaa cha kusaidia mikopo kilikuwa kinagusa mguu ambao mikopo yenyewe ilisimamia.

Lakini wakati huo huo wateja walikuwa wanafanya mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Mtu anaweka franga kwa wakala asubuhi mbele ya safari na kuitoa akifika, ili asitembee nayo barabarani. Mwingine anaweka mauzo ya siku jioni ili yasilale dukani. Mwingine anamlipia mwenzake mkopo, naye mwenzake anamrudishia kwa njia nyingine. Wengine wananunua unite na kuwatumia ndugu zao walio mbali. Wengine wanatumiana franga tu, moja kwa moja, bila habari ya mkopo.

Sasa jiulizeni: wewe ungefanya nini? Uko na karatasi uliyosaini, inasema mikopo. Mfadhili anangoja ripoti ya mikopo. Wateja wanakuonyesha jambo lingine. Wengi wetu tungeandika ripoti nzuri ya mikopo, na kuweka hayo mengine chini, kwenye "changamoto".

Wao waliandika kila walichoona, wakakaa nacho, na wakabadilisha mradi. Mikopo ikawekwa pembeni. Kitu cha kuuza kikawa kimoja: kutumiana franga.

5. Maneno matatu

Tarehe 6 Machi 2007 Safaricom ilifungua M-Pesa kwa Kenya nzima. Tangazo lake lilikuwa maneno matatu ya Kiingereza yanayomaanisha: tuma pesa nyumbani. Basi. Hakuna neno "teknolojia", hakuna "mapinduzi", hakuna "jukwaa". Mtu wa Nairobi mwenye mama Kakamega au Nyeri alielewa pale pale, kwa sababu kila mwisho wa mwezi alikuwa anatafuta konda wa basi anayeaminika kubeba bahasha.

Linganisheni na yale tunayoandika siye kwenye miradi yetu: "suluhisho la kidijitali jumuishi kwa ujasiriamali endelevu". Nani alishawahi kuamka asubuhi akihitaji kitu hicho?

Lakini maneno matatu hayakutosha. Programu ya kutuma franga ina shida ya yai na kuku. Mteja haji kama hakuna wakala wa kumlipa; wakala hafungui kama hakuna mteja. Ukianza polepole, wote wawili wanakata tamaa. Ndiyo maana baada ya jaribio dogo, Safaricom ilifungua kwa nguvu: karibu maduka 750 ya mawakala, na kila makao makuu ya wilaya yalikuwa na wakala tangu mwanzo. Michael Joseph, mkuu wa Safaricom, aliweka lengo la wateja milioni moja katika mwaka wa kwanza. Lengo lilifikiwa mbele ya mwaka kwisha.

Pia ilibidi kuwashawishi watu ambao hatuwaoni kwenye matangazo. Mwenye duka alipaswa kukubali kuweka franga yake mwenyewe, nusu taslimu na nusu ndani ya simu, kila siku, ili kusudi asimkose mteja wa kuweka wala wa kutoa. Kwa nini akubali? Kwa sababu alilipwa kamisheni hata pale mteja alipoweka bila kukatwa kitu. Benki Kuu ya Kenya ilipaswa kuelewa kwamba franga ya wateja iko salama benki, chini ya amana, na kampuni ya simu haiwezi kuikopesha wala kuila. Walizungumza na Benki Kuu mapema, wakati wa jaribio, wala hawakungoja kukamatwa. Hilo liliwaokoa: mwishoni mwa mwaka wa 2008 mabenki yalipolalamika na serikali ikaagiza ukaguzi, ukaguzi uliwakuta wako sawa.

Na historia nayo ilisukuma. Januari 2008, baada ya uchaguzi, Kenya iliingia katika fujo na mauaji. Barabara zilifungwa, mabenki yalifungwa, watu walikwama majumbani. M-Pesa ikawa njia ya kumfikishia ndugu aliyekwama unite na franga ya chakula. Tangazo halikuandaliwa kwa siku kama zile, lakini watu waliotumiwa msaada hawakusahau.

6. Programu ileile, inchi nyingine

Mtu anaweza kusema: basi M-Pesa ilikuwa nzuri tu, ingefaulu popote. Historia inakataa.

Mwaka wa 2008 iliingia Tanzania, na huko ilitambaa polepole miaka ya kwanza. Mwaka wa 2010 Vodacom iliipeleka Afrika Kusini pamoja na benki ya Nedbank, na lengo lilikuwa watumiaji milioni 10 katika miaka mitatu. Ilipofungwa Juni 2016, waliokuwa wanaitumia kweli walikuwa 76,000 tu.

Jina lilelile, ujuzi uleule, franga nyingi zaidi. Nini kilikosekana? Shida yenyewe. Afrika Kusini watu wengi tayari walikuwa na akaunti na kadi ya benki, maduka makubwa yalikuwa yanatuma franga kwa bei nafuu, na sheria zilidai karatasi nyingi kwa mtu anayejiandikisha. Yule konda wa basi mwenye bahasha, ambaye M-Pesa ilikuja kuchukua kazi yake Kenya, Afrika Kusini tayari alikuwa na wapinzani wengine.

Nawaomba msome tena mstari huo kila mara mkitaka kunakili aplikasio ya Paris au ya Nairobi na kuibadilisha rangi. Swali halihusu kama ilifaulu kule. Swali ni: huku kwetu, inakuja kuchukua kazi ya nani?

7. Na siye?

M-Pesa ilifika Kongo mwishoni mwa mwaka wa 2012. Wenye umri wangu mnakumbuka tulivyokuwa tunafanya mbele yake. Kutuma franga kutoka Bukavu mpaka Kindu, au kutoka Lubumbashi mpaka Kalemie, ulitafuta mfanyabiashara mwenye mtu upande wa pili, au mwenye fonie anayeita kwa redio na kusema "mupe fulani dola hamsini", au mwanafunzi anayesafiri. Mwalimu wa ndani alitembea siku mbili kufuata mshahara, na njiani alikula sehemu yake. Namna hizo hazijaisha zote. Barabara zetu na vita vyetu mnavijua. Lakini leo mama anayeuza makala yuko na franga ndani ya simu, na kijana wa chini ya parasoli ni benki ya mtaa wake.

Kinachoniumiza ni kwamba shida ilikuwa yetu kuliko ya wengine. Inchi kubwa namna hii, barabara chache, benki chache, familia zilizotawanyika ju ya vita na ju ya kutafuta maisha. Wenye fonie walikuwa tayari wametengeneza mtandao wa kutumiana franga kwa sauti tu! Na siye tulikuwa na iniversite, na wahandisi, na maelfu ya kazi za mwisho zilizotetewa. Kazi ngapi kati ya hizo zilikwenda kuketi siku kumi ndani ya nyumba ya fonie, kuhesabu ni watu wangapi wanatuma, kiasi gani, wanakatwa ngapi, nani anaibiwa? Tulikuwa tunatetea mbele ya juri mambo tuliyosoma katika vitabu vya mbali, na mlango wa pili kutoka kwetu mtu anaendesha benki kwa redio.

Hiyo njo inanifanya niandike. Fonie za leo ziko. Nazitaja chache ninazoziona, na hakuna haja ya kusaini karatasi, chukueni:

Kikundi cha mama cha kuwekeana akiba, chenye daftari moja. Daftari likilowa mvua, kikundi kinagombana. Sanduku la dawa katika kituo cha afya, ambapo muuguzi anajua leo kwamba dawa iliisha jana. Mama wa samaki wa Ziwa Kivu, anayepigia simu watu watano kila asubuhi kuuliza bei mbele ya kupakia. Shule yenye watoto 800 na mhasibu anayeandika minervale kwa kalamu, na mzazi anayelipa mara mbili kwa sababu risiti imepotea. Pale pote kuna mtu anafanya kwa mkono, kwa taabu, kazi ambayo programu inaweza kuifanya. Tena pale pote kuna mtu tayari anapoteza franga, maana yake kuna mtu anayeweza kulipa.

Basi mbele ya mashindano yajayo, naomba kila mwenye mradi afanye haya. Achague watu kumi, si wanafunzi wenzake. Akae nao wiki tatu. Wiki ya kwanza asionyeshe kitu, aangalie tu na aandike: wanafanya nini, kwa dakika ngapi, wanapoteza nini. Wiki ya pili alete kitu kidogo, hata kama ni jedwali tu kwenye simu yake mwenyewe. Wiki ya tatu aombe malipo, hata franga 500 za Kongo. Wakikataa wote kumi, amepata habari ambayo juri yoyote haitampa. Wakilipa watatu, awaulize wanalipia nini hasa, na asishangae kama jibu si lile aliloandika kwenye mradi.

Kiisha aende kwenye mashindano, avae koti lake, aonyeshe picha zake. Juri nayo iko na kazi yake. Bila ule mfuko wa Uingereza, Hughes hangefika Nairobi. Lakini safari hii atakuwa na daftari la watu kumi mkononi, na wakimuuliza soko lake ni nani, atataja watu anaowajua.

Wale wazee wa methali walikuwa wachuuzi wazuri, naamini. Wangeona maduka yale manane, Mathare na Thika, na yule mama wa Vodafone anayezunguka akiuliza wateja kwa nini wanafanya hivi na si vile, wangekubali kuongeza mstari mmoja: kizuri nacho kilitembezwa, na njiani kikajifunza jina lake.